Baraza la siku 68: serikali ya Uganda baada ya Idi Amin

Kila rais anapong'olewa mahali fulani duniani, baada ya siku mbili tatu simu zetu hujaa orodha ya mawaziri. Fulani kapewa fedha, fulani kapewa mambo ya nje, fulani kaachwa. Watu huisoma orodha ile kama wanavyosoma majina ya wachezaji kabla ya mechi. Mimi huisoma kwa namna nyengine. Kwanza hutafuta ni nani mwenye haki ya kuibadilisha orodha hiyo kesho, kisha hutafuta wenye bunduki wamekaa wapi. Aliyenifunza kuisoma hivyo ni Uganda ya mwaka 1979, jirani yetu ambaye petroli na sukari yake hupita hapa Kilindini.

Vijana wengi wanalijua jina la Idi Amin na hawalijui la Yusuf Lule. Basi nitaeleza mambo yalivyokuwa.

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 kwa kumpindua Milton Obote. Wazee wa Mombasa wanamkumbuka kwa treni za mwaka 1972, zilizowashusha hapa Wahindi waliofukuzwa Uganda ili wapande meli, na kwa madai yake ya Februari 1976 kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda. Kilichommaliza ni Kagera. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka yakaingia Tanzania, na Mwalimu Nyerere akajibu kwa vita. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Luteni Kanali David Oyite-Ojok akatangaza redioni kwamba utawala wa Amin umekwisha. Amin mwenyewe alikimbilia Libya, baadaye Saudi Arabia, na huko Jeddah ndiko alikofia mwaka 2003.

Sasa lililo muhimu ni hili: serikali iliyoingia baada yake ilikuwa imeshatungwa kabla mji haujaanguka, tena nje ya Uganda. Mwishoni mwa Machi 1979, mapigano yakiwa yanaendelea, Waganda waliokuwa uhamishoni walikusanyika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Yalikuja makundi zaidi ya ishirini. Walikuwamo wafuasi wa Obote, watu wa kundi la FRONASA la kijana Yoweri Museveni, wasomi waliokuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na watu waliotoka Nairobi, Lusaka na London. Obote, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam kama mgeni wa Nyerere, alishauriwa na mwenyeji wake asihudhurie. Nyerere alijua kwamba akionekana pale, nusu ya wajumbe wangeinuka na kwenda zao.

Wajumbe hawa walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba Amin aondoke. Juu ya mfumo wa vyama, ufalme wa Buganda, jeshi jipya, ujamaa au biashara huria, kila mmoja alikuwa na lake. Wakaunda chombo cha pamoja kilichojulikana kwa herufi UNLF, yaani umoja wa kitaifa wa ukombozi wa Uganda, na ndani yake wakaweka vyombo vitatu. Cha kwanza kilikuwa kamati ya utendaji ya watu 11, ambayo ndiyo ingekuwa mbegu ya baraza la mawaziri. Cha pili kilikuwa Baraza la Mashauriano la Taifa, NCC, la watu 30, mfano wa bunge dogo, na mwenyekiti wake alikuwa Edward Rugumayo, aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa Amin kabla ya kujiuzulu na kukimbia mwaka 1973. Cha tatu kilikuwa Tume ya Kijeshi, chini ya Paulo Muwanga, mtu wa Obote wa miaka mingi, na Museveni akiwa makamu wake.

Uenyekiti wa kamati ya utendaji, ambao maana yake ilikuwa urais, alipewa Profesa Yusuf Lule. Alikuwa mzee wa miaka 67, Mwafrika wa kwanza kuongoza chuo cha Makerere, mtu mpole wa shule za kale. Alikuwa amefanya kazi Jumuiya ya Madola London na baadaye katika umoja wa vyuo vikuu vya Afrika kule Ghana. Alikuwa Muganda wa Buganda, na Buganda ndiyo inayoizunguka Kampala. Hakuwa na chama chake wala hakuwa na askari hata mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu hasa ya kuchaguliwa kwake: hakuna kundi lililomwogopa. Kila mmoja alidhani mzee huyu atakaa kitini huku yeye akijipanga nyuma ya pazia.

Tarehe 13 Aprili Lule aliapishwa Kampala, katika mji ulioporwa. Maduka yalikuwa matupu, ofisi za wizara hazina viti, na usiku milio ya bunduki haikukatika. Baraza lake la mawaziri lilikuwa picha ya Moshi ikiwa imewekwa kwenye fremu. Muwanga alipewa mambo ya ndani na Otema Allimadi mambo ya nje, na wote wawili walikuwa watu wa chama cha Obote, UPC. Sam Sebagereka alishika fedha na Dakta Arnold Bisase afya. Robert Serumaga, ambaye wapenzi wa tamthilia wanamjua kama mwandishi na mwigizaji, aliwekwa biashara. Dani Nabudere, msomi wa mrengo wa kushoto, aliwekwa sheria. Museveni akawa waziri wa nchi katika ulinzi. Ukiitazama kwa haraka, utasema kila upande umepata chake. Kama ni sinia, kila mkono umefika kwenye pilau.

Lakini tazama jeshi. Kampala ilitekwa na jeshi la Tanzania. Waganda waliopigana pamoja nalo walikuwa wachache, na walikuwa mafungu mawili makubwa. La kwanza lilikuwa la wafuasi wa Obote chini ya Tito Okello na Oyite-Ojok, na la pili ni FRONASA ya Museveni. Hayo mafungu hayakumtii waziri yeyote. Yalikuwa chini ya Tume ya Kijeshi, na Tume ya Kijeshi ilikuwa Muwanga na Museveni, mawaziri wawili wa Lule ambao kila mmoja alikuwa na watu wake wenye silaha. Rais alikuwa akiwaita mezani mawaziri wenye majeshi yao. Yeye mwenyewe alikuja na kalamu.

Hapa naomba kutoka nje kidogo, kwa sababu sisi wenye lugha hii tuna haki ya kuliona jambo ambalo wengine hulipita. Siasa yote ya Uganda ya wakati ule ilisemwa kwa maneno yetu. Fungu la Obote liliitwa Kikosi Maalum, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Askari wa Tanzania, Waganda waliwaita bakombozi, ni wakombozi wetu waliovishwa kiambishi cha Kiganda. Biashara ya vichochoroni iliyoilisha nchi iliitwa magendo, na walionufaika na maduka ya Wahindi waliitwa mafuta mingi. Sisi tungesema mafuta mengi, lakini neno limeshaingia katika vitabu vya historia na kosa lake, wacha likae. Lugha ambayo raia wa Kampala aliiogopa kwa sababu ilitoka midomoni mwa askari wa Amin, ndiyo iliyorudi midomoni mwa waliomtoa. Ukitaka kujua kwa nini mpaka leo baadhi ya watu wa kule wanasitasita na Kiswahili, anzia hapo.

Magendo yenyewe yanahusika na baraza la mawaziri zaidi ya inavyodhaniwa. Nchi ilipokuwa haina sukari, chumvi wala sabuni, bidhaa iliyoingia iligawanywa kwa vibali, na kibali kilitoka wizarani. Mwenye wizara alikuwa na ufunguo wa ghala, na karatasi ndogo yenye muhuri iliweza kumtajirisha mtu kwa wiki moja. Kwa hivyo waliogombania viti hawakuwa wakigombania heshima peke yake.

Tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mara baada ya kuapishwa kwa Lule ilitoka amri ya kisheria, Tangazo Namba 1 la mwaka 1979, iliyoipa NCC mamlaka ya kutunga sheria. Katiba ya mwaka 1967 haikufutwa yote. Iliachwa isimame pale ambapo tangazo halikuigusa. Sasa chini ya katiba ile, rais ndiye anayeteua mawaziri, na haulizwi. Chini ya mapatano ya Moshi, kama walivyoyafahamu wajumbe wa NCC, uteuzi wa mawaziri ulikuwa lazima upelekwe kwao wauidhinishe. Lule alishika katiba. NCC ilishika Moshi. Na hakuna aliyekuwa mwongo, kwa sababu karatasi mbili zilikuwa hai kwa wakati mmoja na hapana iliyosema ikigongana na mwenzake ipi itangulie.

Wapo wanaosema Lule alikuwa mkaidi, kwamba mtu aliyepewa kiti na mkutano hawezi kuugeukia mkutano akasema sikujui. Wapo wanaosema NCC ilikuwa kundi la watu thelathini waliochaguana wenyewe kwa wenyewe katika mji wa nchi nyengine, na mwananchi wa Masaka au Gulu hakuwahi kuwapigia kura. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo maana hawakuweza kusuluhishwa. Lule alikuwa na wananchi wa Kampala nyuma yake lakini hakuwa na karatasi ya Moshi. NCC ilikuwa na karatasi lakini mtaani haikuwa na mtu.

Mapema Juni 1979 Lule alibadilisha baraza la mawaziri bila kulipeleka NCC. Wapinzani wake wakaona kwamba mabadiliko yale yaliinamisha mzani kuelekea Buganda na kuelekea watu wahafidhina. Kulikuwa na jambo jengine lililowachoma zaidi wenye bunduki. Lule alitaka jeshi jipya liandikwe kwa uwiano wa makabila na kwa kuangalia elimu. Mpango huo ungeyazamisha mafungu yote mawili yaliyokuja na vita. Kwa mwananchi wa kawaida ulikuwa mpango wa busara. Kwa Muwanga, Oyite-Ojok na wenzao ulikuwa hati ya kufukuzwa kazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni, NCC ilikutana Entebbe ikamuuzulu. Siku 68 tangu kuapishwa, rais aliondolewa na chombo kile kile kilichozaliwa pamoja naye. Kampala ililipuka. Watu walimwagika barabarani, wafanyakazi wakagoma, na wito uliosikika ulikuwa kwamba bila Lule hakuna kazi. Lule alipelekwa Dar es Salaam, akawekwa huko kwa muda, kisha akaenda London. Dar es Salaam, ambayo askari wake ndio waliokuwa wameishika Uganda, haikuzuia lolote. Nyerere alikuwa na sababu zake, lakini mtu hawezi kusema kwamba wakombozi walikuwa watazamaji.

Msomaji wa Kenya atauliza: je, sisi hatukuwa na serikali ya kuunganishwa kwa mkono? Tulikuwa nayo. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Kibaki na Raila walitia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008, tukapata nusu mkate na baraza la mawaziri 40, kubwa kupita kiasi. Hatukuwa tumemtoa rais, kwa hivyo kisa si kimoja. Lakini angalia tofauti ya karatasi. Mapatano yetu yaliingizwa bungeni yakawa sheria, na sheria ile ikasema waziri wa muungano hawezi kuondolewa bila viongozi wa pande mbili kushauriana na kukubaliana kwa maandishi. Mwezi Februari 2010 Raila alipojaribu kuwasimamisha William Ruto na Sam Ongeri, Kibaki alilitangua jambo hilo siku hiyo hiyo. Kelele zilikuwa nyingi, wanasheria wakabishana, magazeti yakauzika. Serikali haikuanguka. Waganda wa 1979 hawakuwa na kifungu kama hicho, na hawakuwa na miezi ya kukaa kukiandika.

Badala ya Lule aliwekwa Godfrey Binaisa, wakili mkubwa, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Obote wakati katiba hiyo ya 1967 ilipotungwa. Kwa hivyo mtu aliyekuja kuongoza chini ya mapatano ya Moshi alikuwa mmoja wa mafundi wa karatasi ile nyengine. Binaisa alikuwa mjanja kuliko Lule. Hakupigana na NCC. Aliipanua, kutoka watu 30 mpaka 127, ikawa kubwa kiasi cha kutoweza kumng'oa mtu kwa usiku mmoja. Waganda mpaka leo humnasibisha na msemo wa Kiganda usemao Entebbe ni tamu, yaani ikulu, na huutamka wakicheka.

Lakini tatizo la pili, la wenye bunduki, lilibaki pale pale. Binaisa alianza kuwapunguza kwa kuwahamisha wizara, kama anavyofanya rais yeyote. Museveni, aliyekuwa amepandishwa kuwa waziri kamili wa ulinzi, mwezi Novemba 1979 aliondolewa huko akapelekwa wizara ya ushirikiano wa kanda. Alikwenda. Mwezi Mei 1980 Binaisa akamgusa Oyite-Ojok: akamwondoa ukuu wa majeshi ili ampeleke ubalozi Algeria. Oyite-Ojok hakwenda. Tume ya Kijeshi, ambayo tangu Moshi ilikuwa kando ya baraza la mawaziri na si chini yake, ikatoka pazioni ikatangaza tarehe 12 Mei kwamba imetwaa madaraka. Binaisa alikuwa amekaa miezi kumi na moja hivi. Museveni, makamu mwenyekiti wa tume hiyo, alikuwa upande wa waliomtoa.

Ili mambo yaonekane ya kiraia, iliwekwa tume ya urais ya watu watatu, Saulo Musoke, Polycarp Nyamuchoncho na Joel Wacha Olwol. Majina haya hata Uganda kwenyewe wachache huyakumbuka. Mamlaka yalikuwa kwa Muwanga. Kabla mwezi wa Mei haujaisha Obote alirudi kutoka Tanzania, na uchaguzi ukafanywa tarehe 10 na 11 Desemba 1980. Kura zikiwa bado zinahesabiwa, Muwanga alitoa amri kwamba matokeo hayatangazwi bila ya kupita kwake. UPC ikatangazwa mshindi, Obote akawa rais mara ya pili, na Muwanga akapewa umakamu wa rais pamoja na wizara ya ulinzi. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza. Waliokufa katika miaka iliyofuata, hasa eneo la Luwero, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mara nyingi watu hunitajia kisa hiki kama ushahidi kwamba serikali za umoja hazifai. Silikubali hilo. Serikali ya Lule haikuanguka kwa sababu ilichanganya watu. Nchi iliyotoka mikononi mwa Amin isingeweza kuongozwa na kundi moja, na aliyejaribu baadaye alipata vita. Ilianguka kwa sababu swali la nani ana neno la mwisho juu ya orodha ya mawaziri liliachwa liamuliwe baada ya orodha kusomwa, na kwa sababu wale waliokuwa na silaha walipewa viti barazani huku silaha zao zikiachwa nje ya baraza. Rais wa kwanza alishindwa na swali la kwanza, wa pili akashindwa na la pili.

Lule hakukata tamaa. Akiwa London alijiunga na Museveni, na vikundi vyao vikaungana kuwa NRM, yeye akiwa mwenyekiti, mpaka alipofariki huko Januari 1985. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1986, Museveni aliingia Kampala na kumtoa Tito Okello, ambaye naye alikuwa ameuchukua urais baada ya Obote kupinduliwa na jeshi miezi sita kabla. Baraza lake la kwanza lilikuwa pana kama lile la 1979. Uwaziri mkuu alimpa Samson Kisekka, mambo ya ndani akampa Paul Ssemogerere wa chama cha Democratic, nishati akampa Andrew Kayiira aliyekuwa na jeshi lake mwenyewe msituni. Wizara ya ulinzi alibaki nayo yeye.